Kushika Kamba: Mwongozo Kamili wa Kuombea Kazi ya Misheni

Kikundi chetu cha maombi ya misheni, hapa Mbeya, kilianza na watu 31. Baada ya mwaka mmoja tulibaki 6. Hakuna aliyegombana na mwenzake wala aliyeacha imani. Tulichoka tu. Kila Jumatano jioni tulikuwa tunarudia maneno yale yale: Bwana, wabariki wamisionari wote duniani, uwalinde, uwape nguvu, amina. Ukiomba hivyo wiki 50 mfululizo, na humjui hata mmoja wao kwa jina, hujui kama mafuta ya pikipiki yamepatikana wala kama mtoto aliyekuwa na homa amepona, basi Jumatano ya 51 mvua ikianza kunyesha unajikunyata kwenye kochi.

Wale 6 waliobaki ndio walionifundisha kazi. Kikundi bado kipo, mimi ni katibu wake, na haya ninayoandika nimeyaokota njiani, mengi baada ya kukosea. Naamini maombi ya misheni huuawa na njaa ya habari kuliko uchache wa imani. Karibu kila hatua hapa chini inahusu jinsi ya kulisha maombi ili yasife njaa.

Kabla ya yote, ujue unaingia kwenye kazi gani

William Carey, fundi viatu aliyekuwa pia mchungaji wa Kibaptisti, aliondoka Uingereza kwenda India mwaka 1793. Rafiki yake Andrew Fuller alilinganisha safari ile na mtu anayeshuka kwenye shimo la mgodi lisilopimwa, huku wenzake wamebaki juu wakimshikia kamba. Sisi tunaoishi karibu na Chunya hatuhitaji kufafanuliwa mfano huo. Kijana akishuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, uhai wake uko kwa yule anayezungusha winchi. Aliye juu hachimbi dhahabu, hapati vumbi, ila hana ruhusa ya kusinzia.

Kamba ya Carey ilianza kusokotwa kabla hajaondoka. Tangu 1784, wachungaji wa Kibaptisti wa eneo la Northampton na makanisa yao walikubaliana kukutana Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, saa moja tu, kuombea uamsho na kuenea kwa injili. Miaka 8 baadaye, 1792, likazaliwa shirika lao la misheni. Carey akafika India, akakaa miaka 7 bila kubatiza Mhindi hata mmoja. Wa kwanza, Krishna Pal, alibatizwa Desemba 1800. Hesabu mwenyewe Jumatatu ngapi hizo.

Sisi wa Kanisa la Moravian tuna hesabu yetu. Agosti 1727, kwenye kijiji kidogo cha Herrnhut, Ujerumani, wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za siku ili kila saa awepo mwanamume na mwanamke anayeomba. Zamu hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1732 wamisionari wao wawili wa kwanza, Leonhard Dober na David Nitschmann, wakaondoka kwenda kisiwa cha St. Thomas, Karibi, kwa watumwa. Mwaka 1891 wengine wakafika Rungwe, huku kwetu Mbeya. Ninapokosa usingizi zamu yangu ikiwa saa tisa usiku huwa nawakumbuka wale 48, nikijua kuna mmoja wao naye alipangiwa saa tisa usiku, tena kwenye baridi ya Ulaya.

Hatua ya kwanza: chagua mtu mmoja na mahali pamoja

Usianze na dunia nzima. Anza na mwinjilisti mmoja, au familia moja. Kama kanisa lenu limemtuma mtu, huyo ndiye wenu. Kama halijamtuma, nenda idara ya misheni na uinjilisti ya jimbo au dayosisi yako, uliza ni nani yuko shambani na hana kikundi kinachomwombea. Utashangaa wako wangapi. Kuna wainjilisti walioagwa kwa shangwe, wakawekewa mikono mbele ya ushirika, wakapewa shuka na sufuria, na tangu siku ile hakuna aliyewapigia simu.

Ondoa pia kichwani picha ya mmisionari Mzungu mwenye kofia. Apolo Kivebulaya alikuwa Mganda, akavuka kwenda Mboga, Congo, mwaka 1896, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1933. Leo mmisionari wenu anaweza kuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyehamishiwa wilaya ya mbali akaanzisha ibada sebuleni, au dada anayefanya kazi za ndani Uarabuni anayesali na wenzake watatu siku ya mapumziko.

Sisi tulichagua mwinjilisti mmoja na mkewe walioko bonde la Rukwa, miongoni mwa wafugaji. Mwaka wa pili tukaongeza familia nyingine, na ya tatu ikaja mwaka wa nne. Hapo tukasimama. Kikundi cha watu 15 kikibeba wamisionari 3 kinabeba kweli. Kikibeba 20 kinasoma orodha tu.

Hatua ya pili: kubalianeni na mmisionari mwenyewe

Hatua hii vikundi vingi huiruka, halafu vinalalamika kwamba mmisionari haleti taarifa. Mpigieni, mkae naye hata kwa simu, muulizane: habari zitakuja lini, kwa njia gani, na nani atazisoma?

Njia iwe nyepesi kwake. Wetu hana umeme. Simu anachajisha dukani, na mtandao anaupata akipanda kilima. Mwanzoni tulimtaka aandike barua ya ukurasa mmoja kila mwezi. Akaandika mara mbili, akaacha. Sasa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi anatuma ujumbe wa sauti wa dakika 3 hivi, akijibu maswali haya manne tu:

Umechoka kiasi gani, na nini kinakuchosha?
Ni nani unayezungumza naye habari za Yesu sasa hivi, na amefikia wapi?
Mkeo na watoto wanaendeleaje?
Mwezi huu kuna siku gani unayoiogopa?

Swali la mwisho ndilo tamu kuliko yote. Kuna mwezi alitaja siku ya kikao cha kijiji ambapo shauri la kiwanja cha kanisa lingesikilizwa. Mwezi mwingine akataja siku ya kuvuka mto na mkewe mjamzito kwenda zahanati. Ukishajua siku, unajua lini ufunge na lini uweke kengele ya simu.

Sasa kuna jambo ambalo watu hawapendi kulisema. Kama kikundi kinachoomba ndicho hicho hicho kinachotuma fedha, mmisionari ataogopa kuwaambia ukweli. Atatuma ushindi tu: watu wameokoka, kanisa limejaa, Bwana ni mwema. Anajua mkisikia kwamba mwaka mzima hajabatiza mtu, na kwamba yeye na mkewe wamekuwa wakinuniana tangu Pasaka, bahasha zitapungua. Kwa hiyo sisi tulitenganisha. Fedha ziko kwa mhazini wa ushirika na kamati yake. Maombi yako kwangu na kwa mama mmoja mzee anayejua kufunga mdomo. Tulimwambia mwinjilisti wazi kwamba anachotuambia sisi hakiingii kwenye kikao cha fedha. Ilichukua miezi 7 kabla hajaamini. Siku alipoamini, ule ujumbe wa sauti ulikuwa wa dakika 11, na karibu nusu yake alikuwa analia.

Hatua ya tatu: jifunzeni mahali

Tafuta ramani. Ya simu inatosha, lakini sisi tulichora kwa mkono kwenye karatasi kubwa tukaibandika ukutani: kijiji, mto, zahanati, mnada wa ng'ombe, barabara inayokatika wakati wa mvua. Halafu andika majira yake pembeni. Kule mvua ni kuanzia Novemba hadi Aprili. Miezi hiyo malaria hupanda, barabara hufa, na watu wako mashambani hivyo mahudhurio hushuka. Baada ya mavuno kuna chakula, kuna harusi na ngoma, watu wana muda wa kukaa na kuongea. Ukijua hayo, Januari huombei umati ufurike ibadani. Unaombea afya, daraja, na subira.

Uliza pia watu wa huko wanaogopa nini, wanaheshimu nini, mzee wa kijiji ni nani, ndugu wa dini nyingine wanaishi nao vipi. Lengo ni kuwaombea wenyeji kama majirani. Nimesikia maombi yanayowataja wenyeji kama vile ni ukuta wa Yeriko unaosubiri kubomoka. Hayo yaacheni. Wale ni watu, wana wagonjwa na karo na mifugo inayokufa kwa ukame. Ombeni mvua yao pia.

Hatua ya nne: daftari

Nunua daftari gumu la kaunta. Usiweke kwenye simu peke yake, simu huibwa. Chora mistari upate safu tano: tarehe, ombi, limetoka kwa nani, tarehe ya jibu, jibu. Ombi liandikwe kwa namna ambayo mtu wa nje akisoma ataweza kusema limejibiwa au bado. "Mungu ambariki mwinjilisti" halina pa kuwekea tarehe ya jibu. Linganisha na mistari hii ya daftari letu, nimebadili kidogo tu ili mtu asitambulike:

*14 Februari. Mzee wa boma la pili amekataza wake zake kuja ibadani. Tunaomba amkaribishe mwinjilisti kwa mazungumzo.* Jibu, 9 Juni: *Amemkaribisha. Wamekula pamoja. Marufuku bado ipo.*

*14 Februari. Tairi la nyuma la pikipiki.* Jibu, 20 Februari: *Mtu wa kikundi chetu alikuwa nalo stoo.*

*3 Machi. Mtoto wa pili, degedege.* Jibu: *Amefariki 6 Machi.*

Huo mstari wa tatu uliandikwa na mimi, na mkono ulitetemeka. Lakini uliandikwa. Daftari lenye majibu mazuri tu ni la uongo, na waombaji wakigundua kwamba mnaficha majibu mabaya hawatayaamini hata mazuri.

Kila miezi mitatu, msiombe kwanza. Someni daftari kwa sauti kuanzia ukurasa wa mwanzo wa robo ile. Ndipo mshukuru.

Hatua ya tano: zamu na saa

Kuna njia mbili, na kikundi chetu kinatumia zote.

Ya kwanza ni mnyororo. Gawa siku saba za wiki, kila mtu apewe nusu saa yake moja isiyobadilika. Ikiwa mko 14, kila siku ina watu wawili. Usimpangie mtu saa; mwache achague. Dereva wa bajaji alichagua saa kumi na moja alfajiri kabla hajatoka, na hajaikosa. Mama lishe alichagua saa nane mchana, wateja wakishapungua. Kabla ya kuanza zamu unamwandikia anayefuata neno moja tu: "Nashika." Anajibu: "Nimekusikia." Hakuna mahubiri, hakuna picha za maua zenye "asubuhi njema mpendwa". Asipojibu, usimshtaki, mpigie umuulize hali yake. Mara nyingi kuna tatizo nyumbani.

Wagonjwa na wazee msiwaache nje. Carey alikuwa na dada yake, Mary, aliyepooza na kulala kitandani kwa takriban miaka 50. Alimwombea kaka yake kutoka kitandani na kumwandikia barua kwa taabu kubwa. Sisi tunaye bibi mmoja aliyepigwa kiharusi. Jumanne saa nne asubuhi ni yake. Hawezi kuandika "Nashika", kwa hiyo mjukuu hutuma kwa niaba yake alama ya kidole gumba.

Njia ya pili ni kukutana. Dakika 75 zinatosha: wimbo mmoja, neno la dakika 7, habari dakika 15, maombi dakika 40, taarifa za mwisho, kwaheri. Weka saa ya ukutani watu waione. Kipindi cha habari kina tabia ya kumeza cha maombi, hasa kama kuna ndugu anayependa kueleza. Mratibu awe na ujasiri wa kusema, "Hayo, mzee, tuyapeleke kwa Bwana sasa."

Kuhusu mikesha: tulipoanza tulikuwa na mkesha kila Ijumaa. Wiki ya tano, saa nane usiku, walioomba walikuwa watatu na waliokoroma kumi. Sasa tunakesha mara mbili kwa mwaka, tena kwa jambo maalumu.

Hatua ya sita: namna ya kuomba

Paulo aliomba aombewe mara nyingi, na ukikusanya maombi yake utaona ni mara chache alisema tu "mniombee". Wakolosai 4 anataka mlango ufunguliwe kwa lile neno, na apate kulieleza wazi. Waefeso 6 anataka ujasiri wa kunena, naye yuko kifungoni. Wathesalonike wa pili, sura ya 3, anataka neno liendelee, na yeye aokolewe na watu wabaya. Warumi 15 anataka huduma anayoipeleka Yerusalemu ikubaliwe na watakatifu. Hilo la mwisho watu hulisahau: kwamba ndugu wa kanisani wenyewe wanaweza kuikataa huduma yako. Mlango, maneno wazi, ujasiri, usalama, kukubalika. Chukua hayo matano, uweke jina la mwinjilisti wenu na jina la kijiji, na tayari una nusu saa ya maombi.

Kwa wageni wa kazi hii ninawapa kanuni moja ya kuanzia: jambo moja, dakika mbili, kisha mwachie mwenzako. Anayeomba dakika 15 peke yake huwa anaanza kwa Mungu, anapita kwa mwinjilisti, na kuishia kwenye kumhubiria jirani yake aliyechelewa. Ikiwa kanisa lenu limezoea wote kupaza sauti kwa pamoja, sawa, fanyeni hivyo, ila msikose kipindi ambacho mmoja anaomba na wengine wanasikia. Ukisikia mwenzako anataja jambo, nawe unalibeba. Kelele peke yake haibebeshani mzigo.

Na msiache kuomba watenda kazi. Mathayo 9 Yesu aliona makutano wamechoka kama kondoo wasio na mchungaji, akawaambia wanafunzi wamwombe Bwana wa mavuno apeleke watu. Sura inayofuata inaanza na hao hao waombaji wakiitwa na kutumwa. Antiokia, Matendo 13, ni vile vile: walikuwa katika ibada na kufunga, Roho akawachukua wawili wao, Barnaba na Sauli, walimu wao wazuri. Tulipoanza kuomba Bwana apeleke mwalimu wa watoto bondeni, kila mmoja alikuwa na uhakika kwamba atatoka ushirika mwingine. Aliyeondoka ni kiongozi wa sifa wa kikundi chetu. Tuliimba vibaya kwa miezi sita.

Kufunga: neno la tahadhari

Kufunga ni kwema. Lakini mratibu aulize kwanza nani ana sukari, nani ana mimba au ananyonyesha, nani ana vidonda vya tumbo, nani anatumia dawa za kila siku zinazohitaji chakula. Hao wale chakula chao na wameze dawa zao. Wanaweza kufunga kitu kingine: tamthilia ya saa tatu usiku, kwa mfano, ambayo kwa baadhi yetu ni funga kali kuliko ya ugali. Asitokee mtu wa kuwaambia imani yao ni ndogo.

Hatua ya saba: siri

Gawa habari kwenye mafungu matatu tangu siku inapoingia. Fungu la kwanza ni la kutangazwa kanisani: safari, ujenzi, shukrani. La pili ni la kikundi tu: ugonjwa, uchovu, upinzani. La tatu ni la watu wawili, katibu na mzee mmoja: ndoa, dhambi, hatari ya maisha. Mmisionari mwenyewe ndiye anayesema habari iende fungu gani. Akinyamaza, iweke fungu la juu zaidi la siri.

Niliwahi kulipuuza hili. Tulipata habari ya kijana aliyeamini kwa siri. Nyumbani kwao hawakujua. Niliiweka kwenye kikundi cha WhatsApp pamoja na jina lake na mahali, nikiamini wote ni wapendwa. Mmoja wetu, kwa furaha tu, akasambaza kwenye kikundi kingine chenye watu zaidi ya 200. Siku ya nne habari ilikuwa imefika kwa baba mdogo wa yule kijana. Alifukuzwa nyumbani, akalala kwa mwinjilisti miezi miwili. Nilisafiri kwenda kumwomba radhi. Aliniuliza kwa upole, "Kaka, kwani Mungu asingenijua bila jina la kijiji?"

Tangu siku hiyo: hakuna jina la muumini mpya, tunatumia "ndugu wa mnadani" au "dada wa kisimani". Hakuna picha za nyuso. Hakuna kusambaza. Ujumbe wa sauti unasikilizwa kikundini kwa simu moja, halafu unafutwa. Kwa wamisionari walio nchi ambazo injili haina uhuru, hata neno "mmisionari" lisiandikwe. Andika "rafiki yetu".

Na maombi yasigeuke umbea. Mtu akisema "tumwombee fulani, nimesikia kwamba…", mratibu amkate hapo hapo.

Hatua ya nane: siku jibu linapokuja kinyume

Siku hiyo itakuja, kwa hiyo jiandaeni mapema. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Julai mke wake, Rosina, akafa kwa homa baada ya kujifungua, na kichanga kikafuata siku chache baadaye. Mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Badala ya kufunga mizigo aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile katika pwani ya Afrika Mashariki ni ishara kuwa mapambano yameanza. Mwaka 1846 Johannes Rebmann akamfuata, wakahamia Rabai. Rebmann alikaa hadi 1875 bila kurudi kwao, akaondoka akiwa karibu kipofu. Mavuno aliyoyaona kwa macho yake yalikuwa machache mno. Fikiria kikundi cha maombi kilichosoma barua zake kwa miaka 29.

Mtoto wa mwinjilisti wetu alipofariki, tulifanya mambo matatu ambayo naona yalikuwa sahihi. Wawili wetu walisafiri kwenda msibani usiku huo huo. Jumatano iliyofuata hatukuomba lolote, tulisoma Zaburi ya 88 tukakaa kimya. Ile ambayo haina mwisho mzuri. Na tulimkataza kila mtu kueleza kwa nini Mungu ameruhusu. Jambo moja tulikosea: baada ya mwezi tukaacha kuwataja wazazi wale kwenye maombi, tukadhani wamepona. Mama wa mtoto alituambia baadaye kwamba mwezi wa nne ndio uliokuwa mgumu. Sasa daftari lina kumbukumbu ya tarehe 6 Machi kila mwaka.

Wakati mwingine jibu huja kwa umbo lingine. Paulo aliwaomba Warumi wamwombee afike kwao kwa furaha. Alifika kweli, amefungwa minyororo, analindwa na askari. Wale waliomwombea sijui walisemaje walipomwona.

Na kama mmisionari akirudi kabla ya muda, amechoka au ameanguka, kikundi kiendelee kumwombea yeye kwanza kabla ya kutafuta mwingine. Aliyepandishwa kutoka shimoni hatupwi kando na kamba yake.

Maombi na mkono

Yakobo alishasema juu ya kumwambia ndugu aliye uchi akaote moto. Daftari lenyewe litakuonyesha: robo ya maombi yetu ya mwaka wa kwanza yangeweza kujibiwa na sisi wenyewe. Bando la simu, sabuni, tairi, nauli. Ombi la namna hiyo likisomwa, nyamazeni kidogo kabla ya kuomba, mtu ajitazame mfukoni. Kinachopatikana kipelekwe kwa mhazini na risiti itoke. Msikusanye fedha mikononi mwa kikundi, hata kidogo, kwa sababu nilizotaja juu.

Watoto

Wape mmisionari wao: watoto wa mmisionari. Wetu wa shule ya Jumapili wanajua kwamba bondeni kuna Neema (si jina lake) wa darasa la tatu ambaye anatembea kilomita nyingi kwenda shule na anaogopa fisi. Wanaomba kuhusu fisi kwa bidii ambayo mimi sina.

Akija likizo

Makosa ya kawaida: anafika Ijumaa, Jumamosi anahubiri mkutano, Jumapili ibada mbili, Jumatatu anaondoka na mbuzi. Mpeni siku tatu za kulala kwanza. Mtu mmoja amchukue kwa daktari wa meno, maana kule hakuna. Mama mmoja akae na mke wake bila wanaume kuwepo. Kisha aje kikundini, asihubiri, asikilize.

Mwinjilisti wetu alikuja Agosti baada ya miaka mitatu. Tulimpa daftari. Alianza kusoma amesimama, akavuta kiti, akavaa miwani. Alipita kurasa taratibu, kidole kinafuata mistari. Kwenye tarehe 22 Oktoba alisimama. Ombi lilikuwa la dereva wa bajaji, siku ambayo hatukuwa na habari yoyote kutoka bondeni: *Sijui kwa nini, lakini Bwana amzuie asisafiri leo.* Safu ya jibu ilikuwa tupu. Akauliza, "Nani ana kalamu?"